Bahasha ya Kaki

Tangu nilipostaafu, kazi yangu hapa Kintinku, ukiacha shamba dogo la mpunga, imekuwa kusoma bahasha za watu. Kijana akimaliza chuo, au akisikia kwamba kuna nafasi za kazi zimetangazwa, mzazi wake humwambia, "Kwanza mpelekee mwalimu akuangalizie." Basi huja asubuhi, bahasha ya kaki ameibana kwapani, ananiamkia, anakaa kwenye kigoda, nami navaa miwani. Sijapata kuweka hesabu, lakini naamini kwamba katika miaka hii ya uzee nimesoma bahasha nyingi kuliko riwaya.

Wahakiki wetu wamehakiki mashairi, tamthilia, ngano na hata maneno ya khanga. Sijaona aliyekaa chini kuhakiki bahasha ya kaki. Hata hivyo, ukiwaza vizuri utaona kwamba barua ya kuomba kazi na wasifu wa mwombaji ni miongoni mwa maandishi yanayoandikwa na Watanzania wengi kuliko mengine yote. Mtu ambaye hatatunga shairi maisha yake yote ataandika barua ya maombi mara ishirini. Na maandishi hayo yana uzito, kwani riwaya mbaya humpotezea msomaji jioni moja tu, lakini bahasha mbaya humpotezea mwandishi wake miaka. Kwa hiyo nimeona si vibaya nikiihakiki kama ninavyoweza kuhakiki kitabu, nikieleza inasema nini, inaficha nini, na nani hasa aliyeiandika.

Nianze na barua. Karibu barua zote nizisomazo hufunguliwa kwa maneno yale yale: husika na kichwa cha habari hapo juu. Hufuata sentensi ya pili: mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka kadhaa. Ya tatu husema kwamba mwombaji ana sifa zote zinazohitajika, ya nne kwamba yuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote, na mwisho kabisa ni "wako mtiifu". Ukiondoa jina na sahihi, barua ya binti wa Maweni huwezi kuitofautisha na ya kijana wa Makutupora. Kasoro hiyo nisiwatupie vijana, kwa sababu waliofundisha namna hiyo ni sisi. Katika somo la Kiswahili tulisahihisha barua kwa kalamu nyekundu, tukatoa alama kwa anwani mbili, alama kwa tarehe, alama kwa mstari chini ya kichwa cha habari, na alama kwa mwisho wa heshima. Hatukutoa hata alama moja kwa jambo la kweli lililosemwa ndani ya barua. Tulichotaka kukiona ni umbo, na umbo ndilo tulilovuna.

Baada ya barua huja wasifu, ambao vijana huuita sivii. Huu aghalabu haukuandikwa na mwenyewe. Umeandikwa na kijana wa steshenari, mwenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala, ambaye ana wasifu mmoja aliouhifadhi siku nyingi, naye kila anapopata mteja hubadili jina, tarehe ya kuzaliwa na shule. Nimepata kusoma wasifu ambao katika ukurasa wa pili jina la mteja aliyetangulia lilikuwa bado halijafutwa. Katika sehemu ya mambo anayoyapenda mwombaji, jibu ni lile lile nchi nzima: kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo. Nikimwuliza ni kitabu gani alichosoma mwisho, hutazama chini. Mtoto huyu si mwongo. Ameazimwa nguo na mtu aliyemwahidi kwamba itamkaa vizuri.

Mwisho huja vyeti na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na majina ya wadhamini watatu. Haya hayana hiari. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huyataja wazi, na siku hizi maombi hupelekwa kwa mtandao wa kompyuta. Matangazo hayo hukataa hati za matokeo ya muda na huonya kwamba mwenye kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Ukali huo una sababu. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti pale Chuo Kikuu cha Dodoma, watumishi 9,932 walikuwa wamegundulika kuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya hesabu kama hiyo, hakuna mwenye haki ya kulalamika kwamba serikali inadai vyeti halisi. Lakini cheti halisi nacho husema jambo moja tu, kwamba siku fulani, katika chumba fulani, mtu huyu alijibu maswali fulani kwa kiwango fulani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wangu huitumia methali hii kujitetea. Kwa nini nijitembeze, babu, wakati cheti changu ni kizuri? Mimi huwajibu kwa kuwapeleka kwa wanunuzi wa mchele. Hapa kwetu, chini ya ngazi ya Bonde la Ufa, mpunga ni mali, na wanunuzi hufika na magari kutoka Dodoma na kwingineko. Mnunuzi hasomi maandishi juu ya gunia. Huchukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia ubavuni, punje zikateremka kiganjani mwake. Hulichoma juu, katikati na chini, maana anajua kuna watu hupanga mchele mzuri juu na chenga chini. Basi hata chema hakijiuzi mpaka mtu amekiona. Cheti ni maandishi ya juu ya gunia. Kinachokosekana katika bahasha zetu ni punje chache za kutazama kiganjani.

Punje hizo ndizo zinazoitwa siku hizi mkoba wa kazi. Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo anatakiwa kuuandaa, kwa kuweka pamoja maandalio yake ya masomo, zana alizotengeneza, kazi za wanafunzi wake na maelezo yake mwenyewe kuhusu alivyofaulu au kushindwa. Huko Ulaya na Marekani wachoraji na wasanifu majengo wamekuwa na desturi hiyo kwa muda mrefu, na shule nyingi zimeifuata. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili limekuja kwetu na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024. Sivyo. Sisi tumekuwa na kumbukumbu za kazi za mtu kwa zaidi ya miaka mia moja, na historia yake si nzuri. Hapana budi kuijua kabla ya kushangilia.

Kumbukumbu ya kwanza ilikuwa kipande. Katika mashamba ya Wajerumani hapa Tanganyika, kibarua alipewa karatasi ya siku thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi iliwekwa alama. Kule Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande ndani ya kibati, wengi wakikining'iniza shingoni, na ndani yake mwajiri aliandika muda wa kazi na ujira. Mwenye kipande mara nyingi hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu yake. Aliitembeza habari yake mwenyewe kifuani, lakini haikuwa yake.

Kumbukumbu ya pili ilikuwa na nia njema. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tumeitukuza mitihani kupita kiasi, akapendekeza kazi anazofanya mwanafunzi kwa shule na kwa jamii nazo zipimwe. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika Azimio la Musoma, ikaamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, na aingie chuoni akiwa na maelezo mazuri kutoka mahali pa kazi na kwenye chama. Mwaka 1976 maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, na tabia yake ikawekewa alama. Katika miaka ya 1980 sharti la kufanya kazi kwanza likalegezwa, wahitimu wakarudi kwenda chuoni moja kwa moja. Naliheshimu wazo lile hadi leo. Kwa mara ya kwanza taifa lilisema kwamba mikono na moyo wa mtu ni sehemu ya elimu yake.

Lakini wazo ni kitu kimoja na fomu ni kitu kingine. Fomu ilifika kwetu ikiwa na orodha: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, utunzaji wa mali, usafi, uaminifu. Kila mtoto na herufi yake. Nilizijaza mimi pamoja na walimu wenzangu, jioni, kwa taa ya chemli, darasa zima kwa siku mbili. Tulifanyaje? Mtoto aliyeamkia vizuri alipata A ya heshima. Mtoto wa mwenyekiti hakupata D. Wengine wote tuliwapa B na C kama mtu anavyopanda mahindi, hatua kwa hatua, bila kutazama nyuma. Hatukuwa wabaya. Tulikuwa tumechoka, na fomu haikutuuliza mtoto amefanya nini. Ilituuliza mtoto yukoje, nasi tukajibu swali ambalo hakuna binadamu awezaye kulijibu kwa herufi moja.

Ninalo deni katika jambo hili, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Mwaka 1986, katika shule niliyokuwa nikiiongoza, alimaliza darasa la saba kijana mmoja ambaye hakuwa akionekana darasani kuanzia Machi mpaka mavuno. Sehemu ya maoni ya mwalimu mkuu niliandika kwa mkono wangu: "Mtoro. Hana bidii wala moyo wa kazi." Nilijua kwamba baba yake amefariki. Nilijua kwamba yeye ndiye mkubwa kwa mama yake, na kwamba miezi ile alikuwa juu ya dungu, toka alfajiri hadi magharibi, akiamia ndege kwa kombeo. Yeyote aliyelima uwele au mpunga katika mbuga hizi anajua kweleakwelea wanaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Nilijua pia kwamba tulipojenga vyumba viwili vya madarasa, yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake jinsi ya kupanga tanuri ili matofali ya katikati yaive na ya pembeni yasipasuke. Mwalimu wa kujitegemea alikuja kuniambia, nami nikaenda kulitazama tanuri, nikasifu. Lakini tanuri halikuwa na nafasi katika fomu, na utoro ulikuwa nayo.

Miaka miwili baadaye kijana yule alikwenda kuomba nafasi ya kujifunza uashi katika kituo kimoja, mbali na hapa. Waliomsaili walisoma sentensi yangu kwa sauti mbele yake, wakamwambia kwamba ufundi hautaki mtu asiye na moyo wa kazi. Alirudi kwa treni, akateremka stesheni, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu na karatasi mkononi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Mwalimu, maneno haya ni ya mkono wako?" Nikamwambia ni ya mkono wangu. Akasema, "Haya, mwalimu," akaondoka. Alijifunza uashi kwa kubeba zege la mafundi wengine. Nyumba ninayokaa leo, kuta zake ni kazi yake.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mkoba wa kazi utaondoa dhuluma ya mitihani, mimi si mwepesi wa kupiga makofi. Mtihani ulimpima kijana yule kwa ukali, lakini haukumtukana. Aliyemtukana ni kumbukumbu ya kazi na tabia, iliyoandikwa na mtu aliyemjua. Swali la kwanza kuhusu mkoba wowote si lile la vitu vilivyomo ndani yake. Tuulize kwanza kalamu iko mkononi mwa nani. Kipande kiliandikwa na mwajiri. Fomu ya tabia iliandikwa na mwalimu. Sivii ya leo huandikwa na kijana wa steshenari. Katika zote tatu, mtu anayehusika hakuandika neno.

Upo mfano wa kinyume, nao tuliudharau. Elimu ya msingi kwa wote iliposukumwa mbele katika miaka ya 1970, walimu walikuwa wachache mno. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakisomea ualimu papo hapo kazini, kwa masomo ya posta na ya redio, na wakufunzi waliozunguka kuwatembelea madarasani. Kati ya mwaka 1976 na 1984 zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu waliwabeza, wakawaita walimu wa UPE kana kwamba ni tusi. Wengi walikuwa na upungufu wa maarifa, sikatai. Lakini baadhi ya wale niliofanya nao kazi walikuwa na kitu ambacho sisi wa chuo cha miaka miwili hatukuwa nacho: madaftari ya somo baada ya somo, yenye maneno ya mkufunzi pembeni na majibu yao wenyewe chini yake. Mwalimu wa namna hiyo ungeweza kumwuliza kwa nini watoto wake hawaelewi kugawanya, akafungua ukurasa akakuonyesha alikokosea na alivyojaribu tena. Ule ulikuwa mkoba wa kazi hasa, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Wanaopinga mkoba wana hoja nzito, na ni haki kuzitaja. Ya kwanza ni kwamba utapendelea wenye nacho. Tazama majirani zetu wa Kenya. Walipoanza kutekeleza mtaala wao wa umahiri nchini kote mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kazi za mradi zimekuwa kazi zao wenyewe. Wananunua vifaa, wanatengeneza usiku, mtoto anapeleka asubuhi. Picha za sanamu za kutishia ndege zilizotengenezwa na akina baba zilichekesha watu. Nami nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtoto wa mjini anapata alama kwa sanamu ya ndege iliyotengenezwa na baba yake, na mtoto wa Kintinku aliyefukuza ndege wa kweli kwa miezi mitatu anaandikiwa utoro.

Hoja ya pili ni kwamba mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani hawezi kusoma mikoba. Hiyo ni kweli tupu, na atakayeamuru mikoba bila kupunguza watoto au kuongeza walimu atapata fomu zangu za chemli kwa jina jipya. Hoja ya tatu ni kwamba hapa kwetu vipimo hubadilika kama upepo. Mwaka 2014 matokeo ya sekondari yalitangazwa kwa wastani wa alama badala ya madaraja, na mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Mzazi atauliza, nimtengenezee mtoto mkoba ambao kesho hautatakiwa?

Na hoja ya nne, ambayo vijana hawapendi kuisikia, ni kwamba mkoba peke yake haufungui mlango wa chuo kikuu. Anayetoka kidato cha sita hupokelewa kwa alama za masomo yake, basi. Njia ipo kwa wachache tu, watu wazima waliojifunza kazini, ambao hukusanya ushahidi wa kazi zao na kupimwa kwa utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya darasa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinawajua sana watu hao. Kwa mafundi, VETA wana urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Njia hizo ni nzuri, lakini ni nyembamba, na asiyejua kueleza kazi yake hufika mlangoni mikono mitupu.

Hukumu yangu basi ni hii. Mkoba usiamrishwe, usipewe alama, wala usijazwe na mwalimu. Mwanafunzi afundishwe kuuandika kama anavyofundishwa insha, uwe mali yake, na aamue mwenyewe nani auone. Bahasha aiache ibaki kama wanavyoidai wakubwa: vyeti, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, nakala zilizothibitishwa. Hiyo ni ya bawabu. Mkoba ni kwa ajili ya mtu atakayekutazama usoni siku ya usaili na kukuuliza umefanya nini. Na hata kama hakuna atakayeuona, aliyeandika kazi yake kwa ukweli kwa miaka minne ameijua kuliko alivyoijua.

Namna ya kuuandaa haitaki fedha. Kaunta buku moja inatosha, na bahasha ya pili. Kwa kila kazi andika mambo matano. Ulifanya nini, lini na wapi? Ulifanya na nani, na sehemu yako ilikuwa ipi? Ulitumia nini? Kitu gani hakikwenda vizuri? Nani aliyeona, ambaye anaweza kuulizwa? Swali la nne ndilo linalowashinda wengi, nalo ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu mwenye kughushi hajui kubuni kosa la kweli. Mtu aliyejenga tanuri anajua tofali lipi lilipasuka.

Mwaka jana alikuja kwangu binti aliyehitimu stashahada ya ualimu. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nilimjua. Ni binti wa yule fundi. Kizazi chetu kilipomaliza chuo tulipangiwa vituo, hakuna aliyetuuliza tunaweza nini. Tangu mwaka 2025 walimu nao wanaitwa kwenye usaili, naye alikuwa akijiandaa. Nikafungua bahasha. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kusoma vitabu, kusikiliza muziki, kubadilishana mawazo.

Nikamwuliza, "Kwenye mazoezi ya kufundisha ulifanya nini?"

"Hakuna kitu, babu. Nilifundisha tu."

"Ulifundisha darasa gani?"

Alifundisha darasa la kwanza, watoto zaidi ya mia. Kidogo kidogo akaanza kusema. Alikata kadi za herufi kutoka kwenye maboksi. Aligundua watoto 19 wasioweza kuunganisha silabi, akaandika majina yao katika daftari, na kila Ijumaa akawasikiliza mmoja mmoja na kuweka alama. Nikamwomba daftari. Alilileta kesho yake, limechakaa, lina alama ya kikombe cha chai juu ya jalada. Mpaka anaondoka shuleni, 11 walikuwa wanasoma sentensi fupi.

"Nitaandika 11," akasema. "Wale wanane niwaache."

"Waweke," nikamwambia. "Na ueleze kwa nini."

Alikwenda akakaa siku tatu, akaleta ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wake mwenyewe. Aliandika kwamba kati ya wale wanane, watano walipotea darasani wakati mmoja, mpunga ulipoanza kuzaa. Alikwenda kwao, akawakuta mashambani wakiamia ndege pamoja na kaka zao. Hakuwafukuza warudi shule. Alizungumza na mama zao, akawa anapita jioni, mara mbili kwa wiki, ndege wakiwa wametulia, akawasomesha nusu saa chini ya mti na zile kadi za maboksi. Muda wake wa mazoezi uliisha kabla hawajafika mbali. Aliandika kwamba kama angeanza mapema zaidi, labda watatu wangesoma.

Nilisoma ukurasa ule nikavua miwani. Jambo ambalo mimi, mwalimu mkuu, nililiita utoro, msichana wa miaka 24 alilitazama akaona mtoto aliye kazini. Sikumwambia habari ya baba yake. Nadhani anaijua.

Hadi ninapoandika haya bado hajaitwa kazini. Walioomba ni wengi kuliko nafasi, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba daftari lenye alama ya chai litashinda umati ule. Ninachokijua ni kwamba alipotoka kwenye usaili alikuja kunisimulia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akieleza kazi yake kama mtu anayeijua.

Aliniomba niwe mdhamini wake. Nikaandika barua, nikaweka mambo niliyoyaona tu, bila neno bidii wala neno tabia. Nilipomaliza nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika tarehe ya siku ile, kisha nikaandika kwamba mwaka 1986 mimi, mwalimu mkuu wa shule ile, niliandika juu ya kijana fulani maneno yasiyokuwa haki. Kwamba alikuwa akilinda chakula cha mama yake na wadogo zake. Kwamba alipanga tanuri la matofali ya vyumba viwili, na vyumba vile vinasimama mpaka leo. Nikatia sahihi, nikampelekea.

Nilimkuta anachanganya udongo. Alinawa mikono, akaisoma barua mara mbili bila kusema kitu, akaikunja polepole. Halafu akaniuliza kama anaruhusiwa kubaki nayo, au ni ya kwenda kwenye jalada.

Nikamwambia barua hiyo ni yake. Nakala ndiyo yangu.